Shajara ya mazoezi ya shabaha: wiki nane kabla ya msimu wa kuwinda

Naandika shajara hii kwa ajili ya familia nyingine inayotaka kujiandaa kabla msimu haujafunguliwa, na kwa ajili yetu wenyewe mwakani. Kila hatua ikikamilika nitaongeza sehemu. Gharama naihesabu kwa risasi na kwa siku, maana bei hubadilika, lakini risasi iliyopotea bure imepotea popote ulipo.

Sababu ya mradi huu ni mimi. Msimu uliopita nilimpiga mnyama kutoka kama mita 180, nimesimama, mkono umeegemea shina la mti, nikiwa bado nahema baada ya kupanda mwinuko. Aliyumba, akakimbia. Tulifuata damu mpaka giza likatuzuia. Alfajiri tukarudi tukafuata tena, na damu ikaishia kwenye majani makavu. Hatukumpata. Baba yangu hakunilaumu, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, unaujua umbali wako?" Sikuwa na jibu.

Basi lengo ni hilo: msimu ukifika, kila mmoja wetu aujue umbali wake. Tumekubaliana umbali wa mtu ni ule ambao anaweka risasi 5 kati ya 5 ndani ya duara lenye upana wa sentimita 15, akiwa ameketi na bunduki ikiwa juu ya fimbo za miguu mitatu, si mezani. Duara la sentimita 15 tumelichagua kwa sababu halizidi eneo la moyo na mapafu kwa wanyama wa ukubwa wa kati tunaowinda. Risasi 4 kati ya 5 si umbali wako.

Tuko watano. Baba yangu, ambaye humu nitamwita Babu kama watoto wanavyomwita. Mdogo wangu wa kiume, yaani Mjomba. Binti yangu wa miaka 16, mwanangu wa kiume wa miaka 12, na mimi. Bunduki ni mbili: ndogo ya .22 LR isiyo na darubini, na ya .308 Winchester ya bolti (komeo la nyuma ya mtutu linalofunguliwa kwa mkono) yenye darubini. Tumeanza na risasi 120 za .308, zote za aina moja zenye kichwa cha greni 150, yaani gramu 9.7, na risasi 500 za .22.

Jumamosi, 4 Mei. Nyumbani, bila kufyatua

Vibali vimehakikiwa, mitutu imesafishwa, sanduku la kufuli limepata funguo mbili. Kabla ya kugusa chochote Babu aliwakalisha watoto, na sisi wakubwa tukakaa nao. Kila bunduki ina risasi mpaka wewe mwenyewe ufungue bolti uone chemba, pale risasi inapokaa. Mtutu hauelekezwi kwenye kitu usichokusudia kukiharibu. Kidole kinakaa nje ya triga mpaka shabaha iwe kwenye mstari. Jua kilicho mbele na kilicho nyuma ya shabaha. Akaongeza moja ya kwetu: yeyote, hata mdogo kabisa, akisema "Simama!", kila mtu anaweka bunduki chini bila kuuliza sababu.

Masikio hatukuyafanyia mzaha. Mlio wa bunduki kubwa hupita desibeli 150, na sikio huweza kuumia papo hapo kuanzia kama 140. Babu mwenyewe ana sikio la kulia lisilosikia vizuri, na anajua lilivyopotea. Kila mtu anavaa vizibo ndani ya masikio na vifunika masikio juu yake, pamoja na miwani ya kinga.

Kosa la kwanza lilikuja siku hiyo hiyo. Nilimruhusu kijana afanye mazoezi ya kuvuta triga ya .22 chemba ikiwa tupu. Alivuta kama mara thelathini ndipo Babu akasikia mlio wa chuma, akaja mbio. Risasi za .22 LR hupigwa na pini ya bunduki ukingoni mwa ganda. Ganda lisipokuwepo, pini hugonga ukingo wa chemba yenyewe. Tulimulika kwa tochi tukaona alama ndogo. Bahati nzuri haizuii risasi kuingia. Sasa tunatumia risasi bandia za plastiki kwenye bunduki zote mbili, na wakati wa zoezi hilo risasi za kweli zinafungiwa chumba kingine.

Risasi zilizotumika: 0.

Jumamosi, 11 Mei. Bunduki ndogo, mita 25

Binti alianza vizuri kuliko tulivyotarajia. Kundi lake la tano, yaani risasi zilizopigwa mfululizo kwenye shabaha moja, lilikuwa risasi 5 kwenye upana wa sentimita 3. Babu na Mjomba walipiga kidogo tu, kukumbusha mikono. Mimi pia nilipiga, sikuona tatizo.

Tatizo lilikuwa kwa kijana. Risasi zake zote zilikwenda kushoto, nyingine hazikugusa hata karatasi. Mjomba alimwambia avute triga polepole. Mimi nikamwambia ashike vizuri. Kila mtu alikuwa na ushauri, na kila ushauri ulimfanya abane zaidi mpaka machozi yakaanza kumlengalenga. Tukampumzisha. Risasi 60 zilikuwa zimekwisha.

Binti ndiye aliyeona. Alikuwa amekaa ubavuni mwake akasema, "Mama, analenga kwa jicho la kushoto." Tulipomchunguza tukaona kweli: kitako kiko bega la kulia, macho yote mawili yako wazi, na linaloongoza ni la kushoto. Hapo mtutu lazima uelekee kushoto. Kipimo chake kinachukua nusu dakika na tulipaswa kukifanya tarehe 4. Nyoosha mikono, unganisha viganja ubakize tundu dogo, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha funga jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kitu bado kinaonekana, hilo ndilo linaloongoza. Tuliwapima wote pale pale uwanjani. Ni yeye peke yake ambaye mkono na jicho havikubaliani.

Tulijaribu kwanza kubandika utepe kwenye kioo cha kushoto cha miwani. Ulisaidia kwa risasi chache, halafu akaanza kuinamisha kichwa ili achungulie pembeni ya utepe. Tukahamishia kitako bega la kushoto. Bolti iko kulia, kwa hiyo kuifungua ni kazi kwake na yuko taratibu mno, lakini risasi 5 za mwisho zote ziliingia kwenye karatasi. Nimeamua abaki kushoto. Mtoto wa miaka 12 hana mazoea ya miaka mingi ya kuyavunja.

Zilizotumika: .22, 150. Zimebaki 350.

Jumapili, 19 Mei. Kuweka sifuri, na siku mbaya

Kuweka sifuri ni kupatanisha darubini na mtutu, ili pale msalaba wa darubini unapokaa ndipo risasi inapogonga, kwa umbali uliouchagua. Tulichagua mita 100.

Hatua ya kwanza ilikwenda sawasawa. Tulitoa bolti, tukalaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, tukachungulia ndani ya mtutu mpaka duara jeusi la shabaha ya mita 25 likakaa katikati, kisha tukazungusha vifundo vya darubini mpaka msalaba nao ukaja pale pale. Risasi ya kwanza iligonga ndani ya sentimita 5. Tukasogea mita 100.

Risasi tatu za mwanzo zilikaa kwenye sentimita 4. Nikafurahi. Ya nne ikaruka juu sentimita 12. Nikazungusha darubini kuishusha. Ya tano ikaenda chini kulia. Nikazungusha tena. Ya sita ikarudi juu. Kuanzia hapo sikuwa napima tena, nilikuwa nafukuza. Mtutu ulikuwa moto kiasi kwamba Mjomba aliuondolea mkono haraka. Tulilaumu upepo, tukalaumu risasi, nami nikamlaumu Mjomba kwamba ametikisa meza, jambo ambalo nimemwomba radhi. Msimamizi wa uwanja alipotuambia muda umekwisha, risasi 31 zilikuwa zimeondoka na tulikuwa hatuna sifuri.

Makosa ni mawili, ya wazi. Risasi moja haikuambii kitu. Piga tatu kwanza, tafuta katikati yake, ndipo uzungushe. La pili: darubini ikikataa kutulia, acha kupiga. Kila risasi baada ya ile ya sita ilikuwa upotevu, kwa sababu kilichohitaji kuguswa kilikuwa skrubu.

Zilizotumika: .308, 31. Zimebaki 89.

Jumatano, 22 Mei. Skrubu

Babu hakutumia kifaa chochote. Aliketi kibarazani, bunduki magotini, akashika darubini kwa mkono mmoja na kidole cha mkono wa pili akakiweka pale kikalio cha darubini kinapokutana na chuma cha bunduki. Akaisukuma kidogo. Akafumba macho, akaisukuma tena. "Inapumua," akasema. Mimi niliangalia pale pale kwa karibu, sikuona lolote. Niliweka kidole changu chini ya chake ndipo nikasikia: mtikisiko mdogo kama unywele, kwenye kikalio cha nyuma. Mpofuka ukongweni hapotewi na njia.

Tulifungua kila kitu. Skrubu mbili za kikalio cha nyuma zilikuwa na mafuta kwenye nyuzi zake, kwa sababu mwaka jana niliisafisha bunduki yote kwa mafuta mengi nikidhani naitunza. Tulifuta mafuta yote kwa spiriti, mashimo na skrubu, tukaacha vikauke, tukakaza kwa spana ya kipimo: pete za darubini nyutoni-mita 2, vikalio 2.5. Tafuta kipimo cha aliyetengeneza vikalio vyako, usinakili cha kwangu. Na usikaze kwa nguvu za mkono ukidhani zaidi ni bora, maana pete huweza kubana mwili wa darubini ukaharibika.

Binti alileta rangi yake ya kucha, nyekundu, akachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma kilicho pembeni. Skrubu ikilegea, mstari unakatika, na unaona kwa jicho kabla ya kupiga hata risasi moja. Katika yote tuliyofanya, hili ndilo rahisi kuliko yote, na lingetuokolea risasi 25.

Jumamosi, 25 Mei. Sifuri imekaa

Mita 25 risasi 2, kisha mita 100. Kundi la risasi tatu lilikuwa chini sentimita 6 na kulia sentimita 3.5. Darubini yetu husogeza robo dakika ya nyuzi (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja) kwa mbofyo mmoja wa kifundo, ambayo kwa mita 100 ni kama milimita 7. Kwa hiyo mibofyo 8 juu na 5 kushoto. Tulisubiri dakika kumi mtutu upoe, tukapiga tatu nyingine: zikaingia ndani ya sentimita 3, katikati. Tatu za kuhakiki baada ya dakika ishirini zikakaa hapo hapo.

Kijana, bega la kushoto, bunduki ndogo, mita 25: risasi 5 kwenye sentimita 4. Alikunja karatasi ile akaiweka mfukoni, na hatukumwambia airudishe.

Zilizotumika: .308, 11. Zimebaki 78. Za .22, 60. Zimebaki 290.

Jumamosi, 1 Juni. Mimi

Bunduki sasa ilikuwa sawa. Mjomba mezani sentimita 3, binti sentimita 4, Babu 5. Mimi sentimita 11, nyingi zikiwa chini. Kwenye ile ndogo nilikuwa sawa na wengine, kwa hiyo jicho si tatizo.

Mjomba akasema, "Dada, leo nitakupakilia mimi." Aliiweka risasi kwenye chemba nikiwa nimegeukia upande mwingine, akanikabidhi bunduki bolti ikiwa imefungwa. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu nililenga, nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikaanza kubana triga, na mtutu ukapiga mbizi. Haukulia. Kulikuwa na risasi bandia ndani. Kilichosikika ni tiki tu, na nikaona kwa macho yangu msalaba ukishuka kutoka kwenye duara hadi kwenye mchanga, bega langu likisukuma mbele, kope zikifumba. Hakuna aliyesema neno. Binti, ambaye alikuwa akinitazama uso kwa ubavu, alisema taratibu, "Mama, unafumba macho kabla."

Mwili wangu ulikuwa unaujibu mlio kabla haujatoka. Nimepiga bunduki hii miaka mingi na sikujua. Na ile risasi ya mita 180 ya mwaka jana, ambayo nimekuwa nikiilaumu kwa mwinuko na pumzi, huenda ilishuka hivi hivi.

Tulirudia, risasi za kweli zikichanganywa na bandia 10, bila mimi kujua ipi ni ipi. Kwenye bandia mtutu ulishuka mara 8.

Tiba tuliyoipanga: wiki mbili bila .308 hata moja kwangu. Kila jioni mivuto 20 ya triga kwa risasi bandia, kijana akiniwekea sarafu juu ya mtutu karibu na ncha ya mtutu huo. Sarafu ikianguka, mvuto hauhesabiwi. Kila Jumamosi risasi 20 za .22. Tumeongeza mpira laini kwenye kitako. Nimegundua pia kwamba nilikuwa nashikilia kitako juu mno, kwenye mfupa wa bega, badala ya kwenye nyama iliyo kati ya bega na kifua. Maumivu yale ndiyo yaliyoufundisha mwili kuogopa.

Ukiweza kufanya jambo moja tu kutoka kwenye shajara hii, fanya hili la risasi bandia, na anza na mkubwa mwenye uzoefu.

Zilizotumika: .308, 12. Zimebaki 66.

Jumamosi, 8 Juni. Kuondoka mezani

Meza hupima bunduki. Mwituni hakuna meza, kwa hiyo leo tulikaa chini, tukapiga magoti, tukasimama, tukalala.

Kundi la Mjomba la sentimita 3 likawa 9 akiwa ameketi na fimbo, na 25 akiwa amesimama bila egemeo. Baada ya kuona hilo tumefuta kabisa kupiga kwa kusimama bila egemeo. Babu magoti hayamruhusu kupiga goti, lakini akiketi na fimbo yuko imara kuliko sisi wote. Alitufundisha kujipanga: lenga, fumba macho, pumua mara mbili, fumbua. Msalaba ukiwa umehama, usiusukume kwa mikono. Sogeza makalio au miguu mpaka mwili wenyewe uelekee kwenye shabaha. Zoezi hili lilipunguza kundi la binti kutoka 12 hadi 8 bila kubadilisha kitu kingine.

Kisha ajali. Binti alilala kifudifudi kujaribu mkao huo. Ukilala, shingo husogea mbele, na jicho lake likafika karibu mno na darubini. Bunduki ilipopiga teke, ukingo wa darubini ukamkata juu ya nyusi. Jeraha lilikuwa la sentimita moja na nusu, damu nyingi kuliko ukubwa wake. Nilisema "Simama!" kwa sauti ambayo sikuijua. Tulimfunga, tukafunga na mazoezi. Hakuhitaji kushonwa.

Kosa ni letu. Darubini tuliifunga kwa kipimo cha Mjomba, ambaye ana shingo ndefu, tena akiwa mezani. Darubini hii inataka kama sentimita 9 kati ya jicho na kioo cha nyuma. Ilipaswa kupimwa kwa aliye mdogo zaidi, katika mkao unaosogeza uso mbele zaidi, yaani kulala. Jioni tuliisogeza mbele sentimita 2, tukakaza tena kwa spana, tukachora mistari mipya ya rangi ya kucha. Na ukiisogeza darubini, sifuri yako imekufa.

Zilizotumika: .308, 8. Zimebaki 58.

Jumamosi, 15 Juni

Kuweka sifuri upya: risasi 6, bila tatizo, kwa kufuata hatua za tarehe 25.

Mjomba alikuja na sanduku la risasi nyingine za .308 alilokuwa nalo, zenye kichwa cha greni 180, akidhani zitatuokolea zetu. Tatu za kwanza ziligonga sentimita 6 chini ya zetu, kwa mita 100 hizo hizo. Tulilifunga sanduku hilo. Bunduki moja, aina moja ya risasi, mpaka msimu uishe.

Binti alirudi na plasta usoni. Alianza na .22 kumi, bila kulazimishwa kugusa kubwa. Mwishoni aliniuliza kama anaweza kubaki na risasi bandia aende nazo chumbani kwa zoezi la sarafu. Nilimpa tatu, na bunduki ikabaki kwenye sanduku la kufuli mpaka mimi au Mjomba tuwepo.

Zimebaki: .308, 52. Za .22, 230.

Jumamosi, 22 Juni. Umbali

Kwa sifuri ya mita 100, risasi zetu zilishuka sentimita 13 kwenye mita 200. Kwa duara la sentimita 15 hiyo ni nje kabisa ukilenga katikati. Hatukutaka mtu aanze kukisia "nilenge juu kidogo" mnyama akiwa mbele yake. Tuliongeza mibofyo 6, ili risasi igonge sentimita 4 juu kwenye mita 100. Kwenye 200 sasa inashuka sentimita 5 hivi. Yaani kutoka hapa hadi mita 200 unalenga katikati, na risasi haitoki kwenye duara kwa kosa la bunduki. Likitokea kosa, ni lako.

Kupima umbali kwa jicho kulitushinda. Tulisimamisha vijiti sita kwenye nyasi, kila mtu akaandika makisio yake, kisha tukapima. Mimi niliita mita 210 "150". Kijana alikosea kidogo kuliko wote. Kazi ya kushika kifaa cha kupimia umbali ni yake msimu huu, na atatamka namba kabla mtu hajaondoa kizuizi cha usalama.

Risasi yangu ya kwanza ya .308 baada ya wiki tatu: nilipakiliwa na Mjomba, bandia. Msalaba haukushuka. Ya pili ya kweli, ndani. Ya tatu bandia, haukushuka. Ya nne bandia, ukashuka kidogo. Bado.

Zilizotumika: .308, 9. Zimebaki 43.

Jumamosi, 29 Juni. Kipimo

Masharti: umeketi, fimbo za miguu mitatu, mtutu umepoa, sekunde 40 kwa kila risasi tangu upewe ishara. Kabla ya risasi ya kwanza unapanda kwa haraka tuta la uwanjani na kushuka, ili pumzi isiwe ya mtu aliyepumzika. Kati ya mtu na mtu tulisubiri nusu saa.

Babu, mita 100: 5 kati ya 5. Hakutaka kujaribu zaidi. Alisema jicho lake linaona duara la mita 150 likiwa na ukungu, na kitu chenye ukungu hakipigwi.

Binti, mita 150: 5 kati ya 5, kundi la sentimita 10. Hakuruka, hakupiga kelele. Alifungua bolti, akaonesha chemba tupu kwa msimamizi, akaweka bunduki chini, ndipo akaja kunikumbatia.

Mjomba, mita 200: 4 kati ya 5, ya tano imegusa nje ya mstari kwa upana wa kidole. Alibishana kidogo. Babu alimpa karatasi aishike yeye mwenyewe, akamuuliza, "Hii ya tano, mwanangu, ingempiga wapi?" Risasi ile ilikuwa chini nyuma, kwenye tumbo. Mjomba alirudi mita 150, akapata 5 kati ya 5.

Mimi nilianza mita 150: 3 kati ya 5. Mbili zilikuwa chini. Nilirudi mita 100, nikafunga mdomo, nikahesabu pumzi kama Babu alivyotuonesha. 5 kati ya 5, kundi la sentimita 9.

Kijana hatapiga .308 mwaka huu. Kwenye .22 amefika mita 50 bega la kushoto, risasi 5 kwenye sentimita 7. Atabeba fimbo na kifaa cha umbali.

Kila mtu ameandika namba yake kwenye kipande cha utepe mweupe, na namba ya anayebeba bunduki inabandikwa kwenye kitako upande wa shavu, pale macho yanapopita kabla ya kuingia kwenye darubini. Yangu ni 100. Mnyama wa mwaka jana alikuwa mbali nami mara mbili kasoro kidogo. Zoezi la sarafu linaendelea kila jioni mpaka siku ya kuondoka.

Zilizotumika: .308, 30. Zimebaki 13. Tatu kati yake ni za kuhakiki sifuri tukishafika kambini, maana darubini itakuwa imesafiri kwenye gari siku nzima. Nitaandika hapa ziligonga wapi.